Ndiyo Daktari na Dawa ya Kuzuia

Kwa miaka minne seremala wetu alikuwa na majibu mawili tu hospitalini: "ndiyo" na "asante". Mkewe akampachika jina, Ndiyo Daktari, nalo likamganda kama gundi ya mbao.

Safari iliyopita ndiyo hiyo ilimponza. Aliambiwa vumbi la mbao linamchochea pumu, aache kazi. Akasema ndiyo. Akarudi karakanani, akakaa kwenye benchi bila kushika chochote, maana kazi nyingine haijui.

"Baba, leo ukienda, uliza," mkewe alimwambia. "Kuuliza si ujinga."

Siku hiyo alimkuta daktari mwingine, mwanamama asiye na haraka, aliyeomba kuziona pampu zake mbili za kuvuta dawa ya pumu. Ya bluu ilikuwa imechakaa. Ya kahawia ilikuwa kama imetoka dukani jana. Akamuuliza kwa nini. Seremala nusura aseme ndiyo, akajikaza.

"Niliambiwa hii ya kahawia ni ya kuzuia. Kifua kikibana, naivuta inizuilie. Haizuii. Nikajua ni feki."

Daktari hakucheka, ingawa mimi ningecheka. Alimweleza kwamba ya bluu ndiyo hufungua kifua kilichobana. Ya kahawia huvutwa asubuhi na jioni, hata akijisikia mzima, ili kisibane.

"Kumbe ni dawa ya mchwa," alisema seremala. "Mbao hupakwa kabla mchwa hawajaingia."

Aliona haya, kisha akakasirika. Miaka minne kwa neno moja, "kuzuia", na hakuna aliyemuuliza amelielewaje!

"Na wewe mwenyewe unataka nini?" daktari aliuliza.

Swali hilo lilikuwa geni kwake. "Nataka kubaki na randa yangu."

Basi wakakaa wakaongea. Seremala alimfundisha daktari kwamba randa hutoa maranda, vipande vinavyoanguka chini. Vumbi lenyewe ni la msasa. Wakakubaliana: msasa apige nje, amevaa barakoa, dawa kila siku, na baada ya miezi mitatu wapime kifua. Kifua kikikataa, waongee upya. Daktari akataka kwanza arudi Jumatatu, aone anavyoivuta dawa.

"Hapana," alisema seremala, akashtuka mwenyewe. "Jumatatu nina mlango wa watu. Jumanne."

Daktari akaandika Jumanne.

Nyumbani mkewe alimpokea mlangoni, akamuuliza leo amesema ndiyo ngapi.

"Moja," alijibu, akiichukua randa yake kuifuta. "Na hiyo nilijua nakubali nini."