Maziwa ya Jioni na Ndege ya Frankfurt

Leo kwenye duka la dawa za mifugo nimefungua kopo la mafuta ya kukamulia, nikajikuta nashusha pumzi kabla sijajua kwa nini.

Kisha nikakumbuka: nilipokuwa mtoto, asubuhi moja mama alipanda ndege kwenda kusoma Frankfurt, Ujerumani. Mjomba alisema ni zaidi ya kilomita elfu sita, masaa tisa angani. Kilomita hazikumwambia bibi kitu. "Tukimaliza kukamua jioni," aliniambia, "mama yako atakuwa ametua."

Jioni niliiona mbali mno. Mchana, bibi alipokwenda kukata majani ya ng'ombe, nilijipaka mafuta mikononi nikaanza kukamua mwenyewe, ili mama atue mapema. Ng'ombe akarusha teke, ndoo ikapinduka.

Nikakimbilia migombani alikokuwa bibi, nikilia. "Bibi, nimemwangusha mama!"

Bibi hakucheka wala hakunigombeza. Jioni alinikalisha mbele yake kwenye kigoda, mikono yake juu ya yangu, tukakamua taratibu hadi tone la mwisho. Tukiwa bado bandani, simu ikalia kwenye fundo la kitenge chake.

"Nimefika salama," mama alisema.

"Tunajua," bibi akamjibu. "Mwanao ndiye amekushusha."