Vifuniko vya Maji Alivyovijua Mwaura

Siamini bado. Leo asubuhi nilishika simu nimpigie Mwaura kumuuliza jambo ambalo yeye peke yake angelijibu. Nikakumbuka kwamba Ijumaa tunamzika.

Wengi wenu hamkumjua. Alikuwa mzimamoto Thika miaka mingi, dereva na mtu wa pampu.

Mimi kabla ya kuja Ruiru nilikuwa na nyumba mbali na hapa. Ilichomwa tukiitazama kutoka kwenye mahindi, na hakuna aliyekuja hata na ndoo. Basi nilipokutana na mtu ambaye kazi yake ni kuja na maji, sikumwachilia.

Kila Jumapili baada ya kanisa alitembea na kipande cha nondo, akigonga ardhi na kusikiliza. Alikuwa akitafuta haidranti, yale mabomba ya chini ambako gari la zimamoto hujaza maji. Mji umekua juu yake. Vifuniko viko chini ya changarawe ya murram, chini ya matofali ya cabro, chini ya vibanda.

Kimoja kiko chini ya jiko la Mama Zainabu, muuza chai.

"Mama, umekalia maji ya mtaa mzima."

"Nikihama utakunywa chai wapi, wewe mzee wa deni?"

"Ngai! Na watu wanasikia!"

Kisha likaja gari jipya la zimamoto. Nilipiga makofi. Picha yake niliiweka hapa hapa, mkaipa likes.

Wiki chache baadaye wazee wa kituo walipewa transfer, ati gari jipya halihitaji watu wengi. Shift ya watu sita ikawa ya watatu. Vijana walioletwa ni hodari, nawaheshimu, ila walitoka mbali na hakuna aliyewatembeza. Mwaura alipelekwa kufungua na kufunga geti la stoo.

Mchana mmoja ploti ya vyumba vya kupangisha ilishika moto huko Mugutha. Gari jipya lilifika haraka. Maji yake yakaisha haraka vilevile, na vijana wakageuza kurudi Thika kujaza.

Mwaura alikuja kwa boda, na sare yake ya geti. Aliomba jembe, akachimba kando ya duka la mbao, akapiga kelele, "Rudisheni gari! Hapa!" Maji yakatoka.

Nusu ya ploti ilipona. Nusu nyingine ilikuwa imengoja mno. Mwanamke mmoja aliyebaki na kanga na sufuria alimuuliza, "Na wewe ulikuwa wapi?"

"Getini, mama."

Sijasahau jibu hilo. Wala yeye hakulisahau.

Jioni ile alinijia na daftari. "Mwalimu, wewe una mwandiko. Mimi nitasema, wewe andika, tuwapatie hawa watoto wa kituo." Tukaanza, kila Alhamisi mchana, mezani kwangu. Kifuniko kiko wapi, hatua ngapi kutoka mti gani, kinafunguka kwa kugeuza upande upi.

Ruiru tulimaliza, mpaka Kahawa Wendani. Thika tulifika nusu, Juja bado.

Halafu mimi nikaona kurasa za kwanza zina mistari iliyopinda. Nikamwomba tusimame kidogo nizichore upya kwa wino. Zikapita Alhamisi tatu.

Alicheka, lakini hakupenda. "Mwalimu, moto hausomi mwandiko."

Jumanne kifua kilimbana akiwa kazini. Hakufika hospitali.

Kurasa zangu za Ruiru ni nzuri sana sasa. Za Juja ni nyeupe, na Juja ni hosteli juu ya hosteli za wanafunzi, watoto wa watu wamelala humo.

Nimesoma vitabu vingi maishani, na hiki kidogo, kitabu pekee nilichoombwa kuandika, nimekichelewesha mwenyewe.

Nimepiga picha kurasa zote tulizomaliza. Ziko hapa chini, zichukueni. Nyinyi mliowahi kufanya shift naye, mliomwona akigonga ardhi upande wa Juja, niandikieni mnachokumbuka. Mwandiko wowote.

Mkewe amenipa ile nondo. Na jana Mama Zainabu alisogeza jiko lake, bila kuambiwa na mtu. Chai ya Mwaura aliimwaga pale kwenye kifuniko, akasema deni limeisha.

Mwaura, ndugu yangu, Ijumaa tukishakufunika nitapitia Juja. Sijui kusikiliza ardhi kama wewe, lakini nitagonga.

Lala salama. Sisi tuliobaki, bado tusilale.