Muuza Juisi wa Getini

Sisi tunaokimbia asubuhi pale uwanjani Thika humalizia kwa muuza juisi wa getini. Vidole vyake ni vyekundu kwa bitiruti hadi kwenye kucha, na akikupa glasi husema, "Kunywa, damu iongezeke," kisha hukutazama mpaka umalize. Jumamosi Ansuya, jirani ninayekimbia naye, alimuuliza habari za bintiye aliyelazwa hospitalini. "Mtoto anaendeleaje, mama?"

"Jana nilimpelekea juisi hii," akajibu, akifuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. "Nikampa kwa kijiko. Hawezi kumeza tena. Daktari ameniambia nimrudishe tu nyumbani." Akatugeuzia mgongo, akawasha blenda tupu, akaiacha ingurume ili tusimsikie akilia.