Nilitoka Rumonge kwa baiskeli kuelekea baharini, na mizigo ya mtaa mzima nyuma

Gluk. Gluk. Gluk.

Wakuu, amahoro. Hata leo nikifumba macho nausikia huo mlio. Ni mawese yanacheza ndani ya bidoni la njano, yaani dumu, nyuma ya kiti changu, kila nikikanyaga pedeli.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe. Siongezi chumvi, na pale niliposhindwa nitasema nilishindwa.

Mimi ni binti wa Gatete, Rumonge, huku Burundi upande wa ziwa. Nilizaliwa kambini Tanzania, wazazi wakarudi nyumbani nikiwa mdogo, kwa hiyo Kiswahili changu mtakivumilia. Shule niliishia katikati. Nashona nguo sokoni.

Sasa kuna kipindi nilikuwa namaliza bando lote kwenye video za bikepacking. Kwa asiyejua, mtu anafunga vimifuko kwenye baiskeli, hema na kisufuria, halafu anavuka bara zima. Jangwa, misitu, anapita tu. Wengi ni wazungu.

Nikajiuliza, hawa wanapanda ndege kuja kuendesha baiskeli Afrika, mimi niliyezaliwa ndani yake nasubiri nini?

Plan yangu ikawa hii: kutoka Ziwa Tanganyika mpaka bahari ya Hindi. Rumonge, Nyanza-Lac, mpaka wa Mugina, Kasulu, Tabora, Dodoma, Dar. Mifuko nilishona mwenyewe kwa turubai. Hema sikuwa nalo, nikasema Mungu ataona.

Baiskeli, sisi huku tunaiita kinga, haikuwa yangu. Ilikuwa ya baba mdogo, Nestor. Ameitumia miaka mingi kubeba mawese kutoka Kizuka, kisha mgongo ukamkatalia. Nilianza kufanya mazoezi nayo mpaka Magara, na wanaouza samaki pale wakawa wananiuliza nimeiiba wapi. Binti kwenye kinga huku kwetu bado ni sinema.

Siku nilipomwambia baba mdogo nataka kwenda nayo mpaka baharini, alicheka mpaka akashika mgongo. Alipomaliza kucheka akasema:

"Mutoto wangu, sikukatazi. Lakini ukipanda gari hata kidogo kabla ya Manyovu, hii kinga inarudi Kizuka kubeba mawese, itaendeshwa na kaka yako. Ukifika Manyovu kwa miguu yako, iko yako."

Manyovu ni ng'ambo ya mpaka, Tanzania. Kupanda kote kutoka ziwani kunaishia sehemu zile. Na madereva wa barabara ile wote wanamjua Nestor, kwa hiyo kudanganya nilijua haiwezekani.

Hapo ndipo nikafanya kosa langu kubwa.

Nilienda kuaga.

Wakuu, wale wa kwenye video hawaagi mtu, ndiyo maana mifuko yao midogo. Kwetu nusu ya mji ina ndugu Tanzania. Ukisema tu unaenda, mtu anaingia ndani na kutoka na kifurushi. Mama akanipa ndagala wakavu, dagaa wa ziwani, nimpelekee rafiki yake wa kambini, anakaa Kasulu. Bosi wangu akaleta nguo za harusi ya mpwa wake, huko huko Kasulu. Jirani yetu Mama Zubeda akaja na bidoni la mawese la binti yake aliyeolewa Tabora. Akaniambia mafuta ya kule hayana ladha, mtoto anakula tu basi.

Ungemkatalia? Mimi moyo huo sina.

Niliondoka asubuhi, mtaa mzima ukanisindikiza kwa miguu. Barabara ya ziwani ni tamu, michikichi huku, maji kule, upepo unakupoza jasho. Watoto walinikimbiza wakipiga kelele. Mama mmoja akaniombea kwa sauti kama naenda vitani. Mpaka Nyanza-Lac nilikuwa naimba.

Kesho yake barabara ikaliacha ziwa na kuanza kupanda kuelekea Mabanda.

Kwanza nilishindwa kuendesha. Nikashuka, nikasukuma. Baadaye hata kusukuma kukanishinda. Mzigo ulikuwa unainua gurudumu la mbele kama mbuzi anayekataa kamba. Nikipiga hatua, narudi nusu yake. Nikakaa pembeni ya barabara nikalia, sioni aibu kusema.

Lori likasimama. Dereva akanichungulia.

"Wewe ndiye mutoto wa Nestor?"

Nikasema ndiyo. Akaniambia baba mdogo amempigia simu, kwamba akinibeba amjulishe. Kisha akainama dirishani, akashusha sauti.

"Bahati mbaya simu yangu imezima. Pandisha kinga."

Wakuu, mguu wangu uliinuka. Kabisa. Nani angejua?

Nikamuuliza kama anaweza kubeba mizigo tu, mimi niendelee kwa miguu. Akasema mizigo bila mwenyewe habebi, akisimamishwa mbele akaulizwa ni ya nani atajibu nini? Hapo alikuwa na haki. Nikawaza pia kuacha kitu kwa watu wa pale. Lakini niache kipi? Nikiwaza ndagala namuona mama. Nikiwaza bidoni namuona yule binti anayekula tu basi.

Nikamwambia "murakoze, asante, nenda tu." Akatikisa kichwa, akaondoka. Moshi wake wote niliuvuta mimi.

Nikafungua mizigo yote. Bidoni nikaliweka kichwani, nguo za harusi mkononi, nikapanda mpaka kona ya kwanza ninayoiona. Nikaviweka chini, nikashuka, nikachukua kinga na vilivyobaki, nikaisukuma mpaka pale pale. Kisha kona inayofuata. Hivyo hivyo, kona kwa kona, kila kipande nikikipanda, nikikishuka, nikikipanda tena.

Kulikuwa na mama analima mihogo upande wa juu. Alinitazama muda mrefu, mwishowe akaegemea jembe.

"We binti, unaenda ao unarudi?"

"Vyote, mama."

Alicheka, akashuka na kunipa mhogo wa kuchoma. Akaniuliza mume wangu anasemaje na mambo haya. Nikamwambia sina mume. Akasema haya, sasa naelewa umepata wapi nafasi.

Jua linazama nikaingia Mabanda. Nililala kwa familia moja waliorudi kutoka Tanzania kama sisi. Asubuhi nafunga mzigo, nikatikisa bidoni, kimya. Nikadhani yamemwagika. Kumbe mawese yameganda kwa baridi, mazito kama uji uliolala. Mimi mtu wa ziwani sikuwahi kuona hivyo. Nilijisikia niko juu ya dunia.

Mugina wakanigongea muhuri, askari mmoja akauliza naenda wapi. Nikasema Dar. Akaitazama kinga, akanitazama, akasema haya, tusalimie bahari.

Manyovu nikafika. Nikampigia baba mdogo. Akauliza nimefika vipi. Nikamwambia mlima nimeupanda mara mbili. Akasema:

"Basi, iko yako. Kaza nati za keria, huo mzigo umezilegeza."

Hilo tu. Mzee hana maneno mengi.

Huko mbele nifupishe. Kasulu nikatoa ndagala na nguo, kinga ikawa nyepesi mpaka nikawa naogopa mteremko. Vumbi nililokula kwenda Tabora sitaki kulikumbuka. Lakini binti wa Mama Zubeda alipofungua lile bidoni, alinusa, akakaa chini mlangoni. Kisha akasema, "Haya yametoka nyumbani kweli." Nilikula kwake wiki nzima.

Sasa ukweli niliouahidi: bahari sikuifikia. Mbele ya Tabora rimu ya nyuma ilipasuka, na nilikuwa nimechoka kuliko nilivyokubali. Nikarudi Kigoma kwa treni na kinga yangu, kisha nyumbani.

Nilichojifunza? Msiage. Natania. Ile mizigo niliyoilaani mlimani ndiyo iliyonipa mahali pa kulala. Kila kifurushi kilikuwa na mlango wa mtu. Na kazi ikikushinda nzima, ikate, beba nusu, rudi uchukue nusu. Unachelewa ila unafika.

Mwenye uzoefu wa barabara ya Tabora kwenda Singida kwa baiskeli, niambie maji yanapatikana wapi na binti peke yake alale wapi. Wanaotaka kunicheka nao karibuni, nimezoea.

Ah, kuna kitu sijamwambia mtu. Pale Manyovu, baba mdogo alipokata simu, nilikuwa peke yangu barabarani. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, hakuna mtu. Nikaiegemeza kinga kwenye mti, nikarudi nyuma kidogo ili niione vizuri, nikajipigia makofi.