Daftari Ndani ya Debe la Njegere

Mimi si mtu wa kushtushwa na kitu. Lori langu limewahi kukatika breki pale mteremko wa Kitonga likiwa na magunia tisini ya viazi, mimi nimekaa mbele natafuna karanga, na mkaratusi umewahi kuangukia bati la choo nikiwa ndani, nikatoka nikauliza nani amekata vibaya. Kwa hiyo niliamini duniani hakuna kilichobaki cha kunitoa jasho. Basi nikiri mapema, maana Kilolo nzima wanajua na mtakuja kusimuliwa vibaya: Jumapili moja, kwenye baridi ile ambayo hata mbwa hatoki nje, nililoa jasho mpaka kwenye tai, mbele ya usharika mzima, kwa sababu ya daftari la shule.

Aliyeanzisha ni binti yangu Atupele, anasoma chuo Mbeya. Alikuja likizo akaniambia yeye na wenzake kwenye simu wanaandika igizo fupi kila siku kwa siku thelathini, kila asubuhi wanatumiwa jambo la kuandikia, hakuna zawadi, hakuna wa kusahihisha, unaandika kwa kujifurahisha tu kama vile hakuna atakayesoma. Nikacheka. Nikamwambia mimi kula yangu ni mbao na viazi, kazi za bure niliziacha zamani.

"Baba," akasema, "sema tu huwezi."

(Huyo ni damu yangu, anajua pa kubonyeza.) Siku hiyo hiyo nikanunua daftari, naye aliporudi chuo akawa ananitumia lile jambo kila asubuhi.

Sasa jamani, mimi shule niliishia darasa la tano, tena nilitoka bila kuaga. Lakini niliingia stoo, nikakaa juu ya magunia, nikaandika igizo la viazi vilivyofungwa lumbesa, lile gunia linalojazwa mpaka likaota kichwa juu ya mdomo wake. Kiazi cha juu kinauliza, "Huko chini mnaendeleaje?" na cha chini kinajibu, "Tumeshakuwa chapati." Nikacheka peke yangu mpaka mbwa akaja kuangalia kuna nini. Kesho yake nikaandika msumeno unamposa mpaini, mahari haikubaliki. Siku ya sita nikaandika kuku wa mnada wa kanisani. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo nasubiri ujumbe wa Atupele kama mtu anayesubiri mshahara, na nasema bila kujisifu (haya, na kujisifu kidogo) kwamba mimi, ambaye sijawahi kufundishwa hata kuendesha gari, nilijifundisha na hili.

Siku ya kumi na tisa, Jumamosi, ujumbe ukaja: andika ukweli mmoja ambao hujawahi kumwambia mtu.

Hapo lazima niwaeleze. Kilolo wananiita Dhahabu. Habari inayojulikana ni kwamba nilichimba Makongolosi ujanani, nikapata jiwe la dhahabu kubwa kama yai la njiwa (mwanzoni lilikuwa kama punje ya hindi, lakini limekuwa likikua kwa miaka ishirini na mbili), nikaliuza, nikanunua lori la kwanza, nikapita nalo Mbeya mjini nikachagua mke katikati ya wasichana waliokuwa wanang'ang'ania mlango wa lori. Habari hii nimeisimulia kwenye harusi, kwenye misiba, na mara moja kwenye kipaimara cha mtoto wa watu. Mke wangu, Mama Atu, ni Mnyakyusa wa Tukuyu, mwanamke wa maneno machache, na kila ninaposimulia yeye huwa anaangalia pembeni na kurekebisha khanga yake.

Basi nikaandika ukweli. Uliandikika haraka mno, kurasa nne, mkono ukaniuma. Nilipoweka nukta ya mwisho nikasikia ndala za Mama Atu zinakuja stoo, na hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo: nikalisukuma daftari ndani ya debe la njegere, nikafukia juu kwa kiganja, nikasimama kama mtu anayehesabu magunia. Kabla sijarudi kulitoa nikaitwa lori limezama tope, nikashinda huko, nikarudi nimechoka, nikalala. Nikasahau kabisa.

Asubuhi Mama Atu akalichukua lile debe, akalipeleka kanisani kuwa sadaka.

Kwetu anayetaka anatoa mazao badala ya fedha, yanawekwa mbele ya madhabahu, mchungaji anayaombea, na baada ya ibada yananadiwa uwanjani. Sheria ni moja: kilichoombewa ni cha Mungu, hakirudi nyumbani bila kununuliwa, hata kama ni chako. Mnadishaji ni Mwalimu Chengula, mstaafu, aliyenichapa darasa la tatu na mpaka leo ndiye mtu pekee anayeniita Ezekia.

Nilikuwa nimesimama mbele kabisa, suti ya kahawia, nasubiri kununua mbuzi ili watu waone. Njegere zikaenda kwa mama mmoja wa kwaya. Akazimimina kwenye mfuko wake, na katikati ya njegere likaanguka daftari.

"He!" akasema Mwalimu Chengula, akaliokota, akafunua. "Mwandiko huu naujua. Ezekia!"

"Mwalimu, hilo ni langu, limeingia kwa bahati mbaya, naomba."

"Limeombewa?" akauliza, hakuniuliza mimi, aliwauliza watu.

"Limeombewa!" wakajibu, na wengine walikuwa hawajui hata ni kitu gani.

"Basi nunua kama wenzako, mnyalukolo, ndugu yangu. Lakini bidhaa lazima ionjwe kwanza." Akavaa miwani, akafungua katikati, akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya darasani:

"*Jogoo:* Nani ananinunua leo? *Tetea:* Yule yule. Mchungaji akiwa karibu anataja bei, mchungaji akigeuka anasema alikuwa anakohoa tu."

Kicheko kilichotoka pale kiliwaondoa kunguru kwenye mnara wa kengele. Watu wakageuka wote kumwangalia mtu mmoja (simtaji, anajijua), naye kwa bahati mbaya wakati huo akakohoa. Mwalimu akaendelea, hakuwa amesoma mbele:

"*Jogoo:* Na huyu anayetunadi je? *Tetea:* Huyo ameninyanyua kwa miguu mwaka mzima, hajawahi kununua hata unyoya wangu."

Akanitazama juu ya miwani. Nikaona viboko vya darasa la tatu vinarudi. Halafu yule mzee akacheka mpaka akashika meza, akasema, "Elfu mbili! Nani anaanza?"

Bei ikapanda. Akasoma viazi, bei ikapanda tena. Akina mama walikuwa wanafuta machozi kwa khanga, na mimi, badala ya kuogopa, kifua kikaanza kujaa, nikasahau kilichoko mwishoni. Mwalimu akalamba kidole, akafunua kurasa za mwisho, akasoma kichwa cha habari tu:

"*Mwanamke wa Makongolosi.*"

Watu wakatazamana. Wote walijua mke wangu nilimchagua Mbeya mjini, mimi mwenyewe nimewaambia mara mia. Sasa huyu wa Makongolosi ni nani?

"Elfu hamsini!" nikapiga kelele. "Na usisome zaidi!"

Hapo ndipo nilipojimaliza. Mtu asiye na kosa hasemi elfu hamsini kwa daftari la shule. Nyuma yangu nikasikia, "Dhahabu, huyo mwanamke ana bei!" na vicheko vya chinichini, vile ambavyo si vya kuku tena. Halafu upande wa wanawake ikatoka sauti moja, taratibu:

"Elfu sitini."

Ilikuwa ya Mama Atu.

"Mama Atu," nikasema, "twende nyumbani, nitakueleza."

"Elfu sitini, Mwalimu. Andika."

"Sabini!"

"Themanini."

"Hela ni ya nyumba moja hiyo!" akasema mama wa kwaya, na Mwalimu akamjibu, "Nyumba moja, mifuko miwili, Bwana asifiwe, waacheni." Nikapanda, akapanda. Kadiri nilivyopanda ndivyo nilivyozama, maana kila nilichotaja watu walikuwa wanakigeuza kuwa uzito wa dhambi yangu. Jasho lilikuwa limefika kwenye tai. Tulivuka laki mbili. Mchungaji mwenyewe akatoka ofisini na kikombe chake cha chai. Mama Atu akasema laki mbili na thelathini na moja elfu, nami nikaongeza mia tano kwa sauti ya mtu anayekufa.

"Mama Atu?" akauliza Mwalimu.

"Nimeishia hapo. Hiyo ni hela ya nguruwe wangu wote wawili niliowauza."

"Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Daftari ni la Ezekia."

Akanikabidhi. Sikiliza jinsi nilivyokuwa: daftari mkononi, watu wote wananiangalia, mke wangu ameinama anafunga vizuri fundo la khanga lenye hela zake. Nikilitia ndani ya koti, kuanzia siku hiyo mimi ni mzinzi wa Makongolosi na yeye ni mke aliyedhalilishwa mbele ya kanisa. Nikilifungua, dhahabu yangu ya miaka ishirini na mbili imekwisha.

Na nitawaambia kweli, haukuwa ujasiri. Walikuwa wamecheka kuku, walikuwa wamecheka viazi, na mimi peke yangu nilijua kwamba hili la mwisho ndilo zuri kuliko yote. Nimelinunua kwa bei ya nguruwe wawili na mia tano juu, halafu lisisikike? Nikapanda juu ya benchi.

Nikasoma. Kijana anakuja kwenye banda la mama ntilie na karai tupu. Anasema, "Nikopeshe sahani, kesho napata dhahabu, nitakununulia kitenge." Mwanamke anasema, "Kesho yako ina miezi mitatu. Kula." Siku nyingine anamwambia, "Wewe, hakuna kitu chako huko chini ya ardhi. Njoo unishikie sufuria." Kijana anaosha masufuria mwaka mzima, mwanamke anauza wali maharage, wanaoana, na lori la kwanza linanunuliwa kwa wali, sahani kwa sahani. Siku ya kuondoka kijana anaona aibu kurudi kwao. Mwanamke anasema, "Ukifika kwenu sema ulichimba. Mimi sitasema kitu." Mwisho wa igizo kijana anawasha lori, na mwanamke anaangalia pembeni, anarekebisha khanga yake.

Nikafunga daftari hapo kwenye khanga. Hakuna aliyecheka. Nikafikiri, basi, nimekwisha.

Ndipo Mama Atu akanyanyua kichwa. "Baba Atu," akasema, mbele ya wote, "umeandika wali maharage. Haikuwa maharage. Ilikuwa dagaa."

Uwanja ulipasuka! Vigelegele, makofi, mama wa kwaya kamkumbatia Mama Atu mpaka njegere zikamwagika, Mwalimu Chengula ananishika mkono haachii, anasema, "Ezekia, darasa la tatu nilikupa sifuri ya insha, naifuta leo." Mtu akapiga kelele, "Na kitenge je? Alinunua?" Mama Atu akatikisa kichwa. Wakaanza kuimba, kanisa zima, "Kitenge! Kitenge!" kama mpirani.

Nyumbani nikamuuliza, "Ulidhani nina mwanamke?"

"Makongolosi ulikuwa unanuka moshi na huna kandambili," akasema. "Nani mwingine angekuchukua? Nilijua ni mimi tangu kichwa cha habari. Nilitaka tu kusikia umeniandikaje."

Nilimaliza siku zote thelathini. Kwaya wameshaigiza viazi mara mbili na kuku mara tatu, akina mama wa Iringa mjini wameomba kuja kuona, na *Mwanamke wa Makongolosi* anaigizwa na Mama Atu mwenyewe, ambaye kila mara anaongeza maneno ambayo sikuyaandika. Siitwi tena Dhahabu. Naitwa Sufuria, na ninaitika kwa sauti. Ila nimeapa mbele ya mbwa wangu kwamba sitaficha tena daftari ndani ya kitu kinacholiwa. Sasa linakaa mezani, anayetaka asome.

Kile kitenge nilikifuata Jumatatu Iringa mjini, kwa Bwana Kanti, Mhindi ambaye baba yake pia aliuza vitambaa pale pale. Habari ilikuwa imefika kabla yangu. Nikachagua doti bora, nikaomba apunguze. "Leo sipunguzi, Sufuria," akasema, "huyo mama amesubiri vya kutosha." Arobaini na nane elfu, nikalipa. Ukijumlisha na bei ya daftari mnadani, kucheka peke yangu stoo kulinigharimu shilingi laki mbili na sabini na tisa elfu na mia tano.