Salamu za Dakta Benon

Mukunde wa Batsinda ukimwona anapita na mwavuli wake mweusi, huwezi kudhani kuwa kompyuta humsikiliza kuliko watoto wake. Alijifundisha mwenyewe, kule Kampala alikokulia, kwenye mashine ya kuazima. Sasa ni miaka kumi na saba analea kompyuta moja kuukuu ya Unix katika maabara ya udongo, Gahanga. Vipimo vya mashamba elfu tisa vimo humo, na diski yake imeanza kukwaruza kama kinu cha kahawa.

Akaletwa mkurugenzi mpya, Dakta Benon, na seva mpya ya Linux ikawekwa katika ofisi nyingine, Kagarama.

"Mama, mafaili yote yahamie Kagarama," akasema. "Ijumaa saa sita kama bado, hii mashine inaenda kwa vyuma chakavu. Na wewe unaenda kupumzika."

Kupumzika! Jamani, mjane mwenye watatu shuleni apumzike na nini?

Mukunde akajaribu. Akiingia kwenye seva kutoka Gahanga, anaingia vizuri, tena anakaribishwa. Akinakili faili, linakwama papo hapo. Jumatano hivyo, Alhamisi hivyo.

Benon hakuhitaji kuchunguza. Wenye vyeo hujua kabla ya kutazama. "Hii Unix iko mzee sana," akasema. "Haiwezi kuongea na vijana." Akacheka, macho yakiwa kwa Mukunde, si kwa mashine.

Ijumaa asubuhi Mukunde akayaacha mafaili. Akaipelekea seva amri moja tu, "true", ambayo kazi yake ni kutofanya lolote, kimya. Seva ikajibu mistari kumi na mmoja.

Aurore, mkemia wa pale aliyemwita Mukunde shangazi, akainama kusoma: "'Karibu kwenye Seva ya Dakta Benon, Mkurugenzi, Mwenye Shahada Tatu…' Yesu wee! Tanti, na nyota pembeni!"

"Nani ameweka hii?"

"Tanti, unauliza kweli?"

Benon alikuwa ameziandika salamu hizo kwenye faili ambalo seva hulisoma kila anapoingia mgeni, awe mtu au programu. Mtu hushukuru, hupita. Programu ya kunakili inangoja neno la kazi. Ikipokea shahada tatu, inakata mawasiliano.

Mukunde akaongeza mstari mmoja: anayeingia asipokuwa mtu kwenye kibodi, salamu zinyamaze. Mafaili yakatiririka. Saa sita kasorobo faili la mwisho likafika, diski ikakwaruza mara moja, ikafa.

Saa sita kamili Benon akatokea na wanaume wawili wa vyuma chakavu. Alipoambiwa yote, akauliza jambo moja tu: "Salamu yangu bado iko?"

"Iko, Bosi. Ila kwa wanaojua kusoma."

Akaridhika. Akaketi, akaandika ripoti kwamba kuchelewa kulisababishwa na mashine kuukuu isiyozoea heshima. Mukunde akaisoma mara mbili, akasaini.

Wale wanaume wakabeba kompyuta. Yeye wakamwacha kwenye kiti chake.