Siku Tuliyokataa Kumuuza Wilondja

Kuna siku moja, mwanangu, naikumbuka vizuri kuliko siku ya harusi yangu, na bado kichwa kinanizunguka kila nikiirudia. Kaa nikuambie. Simu iweke chini, haitakimbia.

Nilikuwa msichana wa kuolewa, hapa hapa Baraka, ng'ambo ya ziwa ukitazama Kigoma, miaka ya vita. Leo barabara inapitika, kesho unakuta kizuizi na askari ambao hujui ni wa nani, na kuuliza unaogopa. Lakini mpira ulichezwa. Watu walipata wapi moyo wa kucheza mpira siku zile, mimi sijui mpaka leo. Kaka yangu Wilondja alikuwa winga wa kushoto wa timu ya mtaa wetu, na baba mkubwa, kaka wa baba yetu, ndiye aliyekuwa rais wa timu. Kwetu kiongozi wa timu anaitwa rais, na baba mkubwa alilipenda jina hilo kuliko chakula.

Mwaka huo tulishuka daraja. Mechi ya mwisho tulicheza Kazimia, ufuo huu huu wetu. Bao moja lingetuokoa, na dakika za mwisho tukapewa penalti. Wilondja akapiga juu, mpira ukaishia ziwani. Kwenye boti ya kurudi yeye alikaa peke yake mbele kabisa.

Timu ikishuka, pesa nayo hushuka, tena haraka zaidi. Wafanyabiashara wa samaki waliokuwa wakitutilia mafuta kwenye mota ya boti waliacha kuja mikutanoni. Hao walikuwa watu wa kuvuka ziwa, leo Kigoma, kesho Baraka. Waliondoka na pesa zao, na kama utakavyoona, waliondoka na masikio yao pia. Kwenye kamati walibaki baba mkubwa na wenzake, watu wazuri sana, ambao ng'ambo ya ziwa walikuwa wakiiona kwa macho tu.

Basi kamati ilikuwa imekaa kwenye uwanja wa nyumba yetu, inaumiza kichwa itapata wapi mafuta ya msimu mpya, akaingia mgeni. Alijitaja kuwa Shomari, kiongozi wa timu moja ya Kigoma. Alikuwa amekwenda Kazimia kupakia samaki akatuona tukicheza. "Shikamooni wazee," akasema, na mimi niliyekuwa namimina chai nikajiziba mdomo nisicheke, maana salamu hiyo kwetu haipo.

"Wazee, nimekuja kwa ajili ya Wilondja. Je, mtamuuza?"

Baba mkubwa akaweka kikombe chini. "Sisi? Tumuuze sisi?"

"Ndiyo, nyinyi. Mkikubali, tuzungumze bei."

"Baba," baba mkubwa akamwambia mgeni, "hatuna hata mafuta ya mota. Tutamuuza na nini?"

Mgeni naye alionekana kupotea. Akafikiri kidogo, akasema kwa upole, "Na viatu vyake tu vinatosha."

Hapo baba mkubwa akasimama. "Biatu ile iko ya timu! Hatumuuze! Hatumuuze hata siku moja!"

"Nimekuelewa, mzee. Kijana mnampenda," akasema Shomari. Akatupa mkono mmoja mmoja, hata mimi mwenye birika, akaelekea bandarini.

Tulichosikia sisi, mwanangu, ni hiki: kwamba Wilondja tayari ni mali ya watu wa Kigoma, na sasa wanakuja kututoza pesa kwa mtoto wetu wenyewe, pamoja na viatu tulivyomnunulia sisi. Kwa nini tulisikia hivyo, usiniulize bado, nitafika. Na kama Wilondja ni wao, alikuwa wao tangu lini? Sote tuliikumbuka penalti wakati mmoja: aliikosa, au aliitupa makusudi?

Wilondja alirudi kutoka kuoga ziwani, taulo begani, hana habari.

"Ulisaini kwa bale bantu mbele ya mechi?" baba mkubwa akamuuliza.

"Kusaini nini? Mi sijue ule muntu."

"Basi juu ya nini anakuuzisha kwetu?"

Wilondja alinitazama mimi, kana kwamba nitamfafanulia. Ningemfafanulia nini? Nikimtazama yeye, niliona mtu anayesema kweli. Nikimtazama baba mkubwa, niliona hivyo hivyo.

Bibi yetu, mama wa baba mkubwa, alikuwa pembeni anamenya mihogo. Tulimwita Koko. Akasema bila kuinua macho, "Ni nani aliuliza ule mugeni anataka kusema nini? Boti yake ingali pale. Mumuite arudilie maneno yake."

"Mama," baba mkubwa akajibu, "ule anasema Kiswahili, na sisi tunasema Kiswahili. Tutamuuliza nini tena?"

Lo! Na sote tukaona amesema jambo la maana. Koko akabaki akitutazama na kisu mkononi. "Banafanya kusikia kama kumeza," akasema. "Hata kutafuna hapana." Boti ikaondoka mchana huo.

Sitakuficha, kaka yangu aliumia. Mtaani wakamwita "Ule wa Kigoma." Uwanjani hakuna aliyempa pasi, na mwisho hakwenda tena uwanjani. Alihamia Kazimia akawa mvuvi. Akija kutuona, baba mkubwa alikumbuka ghafla kwamba ana kazi mahali fulani. Mama alilia bila kujua anamlilia nani, na mimi nilimfulia kaka mashati yake nikijiuliza kama nafua ya mwizi au ya mtu aliyeonewa. Hali hiyo inachosha, mwanangu. Afadhali ujue ubaya wa mtu kuliko kutojua kitu.

Halafu vita vikaingia mjini kwenyewe, tukavuka ziwa na vilivyoingia kwenye boti. Wilondja naye alifika Kigoma kutoka Kazimia, akapata kibarua cha kushona nyavu ufukweni.

Siku moja nikatumwa sokoni kuchukua mawese. Nikasimama mbele ya mama mmoja aliyepanga chupa zake, nikamwambia, "Mama, nauza mawese."

"Na mimi nauza," akanijibu kwa ukali. "Sogea kule, usinizibie wateja."

"Mama, sisemi nauzisha. Nasema nauza. Nauza chupa moja, pesa hii hapa."

Akaitazama pesa, akanitazama mimi, akacheka mpaka akashika meza. "Kumbe unataka kununua!"

Kununua! Neno hilo tulilijua, lakini kanisani. Mchungaji alikuwa akisoma kwamba tumenunuliwa, nasi tukadhani ni neno la Biblia. Sokoni kwetu anayetoa pesa anauza, anayepokea anauzisha. Kwao anayepokea ndiye anayeuza. Nikasimama pale, watu wananisukuma, nasikia sauti ya Shomari: "Je, mtamuuza?" Mawese niliyaacha palepale.

Nilimkuta Wilondja na sindano ya nyavu mkononi. "Yaya," nikasema, kama tunavyomwita kaka kwetu, "ule baba alikuja kukununua."

"Kufanya nini?"

"Kukuuza. Kwa Kiswahili ya kwetu. Alitaka kutoa pesa, we uende kuchezea timu yake. Alikuona unacheza akakupenda."

Alicheka kwanza, kicheko kikubwa, kisha machozi yakamshuka na akayaacha yashuke. "Alitaka kutoa ngapi?"

"Hatukumuuliza."

Akashona tundu moja, akaliangalia. "Ile penalti nilikosa tu, dada."

"Najua."

"Hapana," akasema. "Sasa ndiyo unajua."

Baba mkubwa tulimweleza jioni. Alinirudisha nyuma mara nyingi, nani anauza, nani anauzisha, nani ananunua, mpaka na mimi nikachanganyikiwa upya. Kisha akaenda kwa Wilondja, akasema, "Mutoto wangu." Wilondja akamsogezea kiti.

Basi mwanangu, hili ndilo nililokuitia. Mtu anayesema lugha usiyoijua utamwuliza, utatafuta mkalimani, utamwangalia hata mikono. Anayekudanganya bila kutaka ni yule anayesema lugha yako. Akikuambia neno likakuchoma, usikimbie nalo. Mrudishie, mwambie, "Unataka kusema nini?" Utaonekana mjinga kidogo, na si neno. Na mtu wako wa nyumbani akikuambia hajui, kabla hujamtoa moyoni, nenda mpaka bandarini ukaulize, boti ingali pale.

Nenda salama. Mungu akulainishie masikio, akuwekee mezani mtu wa kukukatalia kama Koko. Na siku utakayokosa penalti yako, maana utaikosa, akupe watu wa kukuuliza kabla hawajakuhukumu.